Vifo vya mahabusu mikononi mwa polisi

Ni vifo vya watu waliokamatwa, tangu wanapotiwa nguvuni hadi wanapofikishwa mahakamani au kuachiwa. Makala hii inahusu Tanzania, pamoja na ukanda wa Tarime na Serengeti mkoani Mara, iliko kata ya Gorong'a.

Visababishi
Kilicho kiovu kuliko vyote ni mateso, yaani kipigo cha kumlazimisha mtu akiri kosa. Kingine ni majeraha yaliyopatikana kabla ya kufika kituoni. Mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe aliyeshambuliwa na wananchi wenye hasira kali huweza kufika kaunta akitembea na kuongea, kumbe damu inavujia ndani ya fuvu. Akiingizwa lokapu asubiri kupambazuke, hukutwa amekufa. Usingizi wake hudhaniwa ni wa gongo. Mlevi naye akilazwa chali hupaliwa na matapishi. Wenye kisukari, pumu au kifafa hukosa dawa zao. Wengine hujinyonga kwa nguo zao, hasa saa za mwanzo. Msongamano pia huua: mwaka 2002 mahabusu 17 walikosa hewa wakafa wilayani Mbarali, mkoani Mbeya.

Matukio nchini
Mwaka 1976, katika msako wa wauaji mikoani Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na baadhi wakafa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu ingawa hakushiriki. Mfano huo wa uwajibikaji bado unakumbukwa.

Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi walikamatwa Dar es Salaam, kisha wakapigwa risasi msitu wa Pande. Polisi walidai ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Tume ya uchunguzi ya Jaji Mussa Kipenka ilibaini sivyo. Mahakama Kuu iliwaachia polisi walioshtakiwa mwaka 2009; mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja kati yao.

Mwaka 2022 polisi saba walishtakiwa kwa mauaji ya mfanyabiashara mmoja huko Mtwara. Rais Samia Suluhu Hassan alikataa polisi wajichunguze wenyewe.

Mkoani Mara
Yaliyoandikwa zaidi ni mauaji ya Nyamongo, wilayani Tarime, ingawa waliouawa hawakuwa mahabusu. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu watano katika mgodi wa North Mara, ambako wenyeji huingia kutafuta mbale, yaani mawe yenye dhahabu. Kwa kata zinazopakana na Hifadhi ya Serengeti, Gorong'a ikiwamo, mkamataji wa kwanza mara nyingi ni askari wa hifadhi, hivyo ulinzi wa uhai unapaswa kuanzia porini.

Kinga
Sheria ipo. Katiba, ibara ya 13(6)(e), inakataza mateso. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka saa 4 za mwanzo za mahojiano, zinazoweza kuongezwa, na kutaka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inataka kifo cha mahabusu kichunguzwe mbele ya hakimu.

Kituoni, hatua zenyewe hazina gharama kubwa. Mwenye jeraha apewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na kupelekwa hospitali kabla ya kufungiwa. Aliyelewa alazwe ubavu, na askari wa zamu amwamshe mara kwa mara mpaka ajibu. Asiyeamka ni mgonjwa. Hali ya mwili iandikwe kwenye kitabu cha mahabusu anapoingia na anapotoka. Mkanda na kamba za viatu vitolewe. Ndugu waarifiwe mapema, waruhusiwe kuleta dawa. Dhamana ya polisi itolewe bila malipo ili lokapu zipumue.

Mtu akifa, uchunguzi wa maiti ufanywe mbele ya daktari aliyechaguliwa na familia, na upelelezi usiachiwe kituo kile kile. Kwa kazi kama hiyo, Kenya iliunda IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, mwaka 2011.

Hali ya sasa
Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti Julai 2023 na kupendekeza mageuzi makubwa ya Jeshi la Polisi.