Kilima kisicho na ngome

Bibi yangu wa Kisarawe aliniuliza, "Mjukuu wangu, huko Pugu unakwenda kuona nini?" Sikuwa na jibu. Kule hakuna kasri wala tiketi ya kiingilio.

Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni Pugu mwaka 1888. Waliishi na watoto waliokombolewa utumwani. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ilivamiwa ikateketezwa. Wamisionari watatu waliuawa, wengine wakatekwa. Habari zao nimezisoma vitabuni. Majina ya wale watoto sijayakuta.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, Julius Nyerere alifundisha Pugu hiyohiyo, katika Chuo cha Mtakatifu Francis. Mwaka 1955 alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi, akabaki na TANU.

Jioni nilimsimulia bibi yote hayo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Marehemu mama yangu naye alikuwa na yake ya kusimulia. Mbona hukuanza kwangu?"

Sasa tasnifu yangu inaanzia barazani kwake.