Sauti Iliyopitia Addis Ababa

Twafungua redio asubuhi, twasikia tenzi, wala hatuulizi zimefikaje kwetu. Leo napenda kuwaeleza habari za studio moja ndogo, Sauti ya Injili ya Moshi, kazi ya ndugu zetu Walutheri wa Tanzania.

Katika miaka ya 1960 kanisa la Tanzania halikuweza kuwa na kituo chake cha redio, kwa maana kutangaza ilikuwa kazi ya serikali. Basi mahubiri, nyimbo na mafundisho yalirekodiwa kwenye kanda pale Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, na kanda zile zikapelekwa Addis Ababa. Huko Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni lilikuwa limefungua kituo mwaka 1963, kwa ruhusa ya Mfalme Haile Selassie, chenye mitambo miwili ya masafa mafupi, kila mmoja wa kilowati 100. Hivyo mkulima wa Machame aliweza kumsikia jirani yake akisema naye kutoka Ethiopia!

Kituo kile kilikusudia kutoa asilimia 70 hivi ya saa zake kwa habari, afya, kilimo na elimu. Mahubiri yakapata asilimia 30. Wako waliosema kwamba Injili imepunjwa. Mimi sikubaliani nao. Mama aliyefundishwa kuchemsha maji ya mtoto wake amehudumiwa, naye atasikiliza mahubiri kwa moyo mwingine. (Na sisi wachungaji, tukipewa saa nzima, je, huwa twaitumia vema?)

Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo chote, majengo na mitambo, kikapewa jina la mapinduzi. Kanda za Moshi zikakosa njia ile. Lakini askari hawakuweza kutwaa kilichokuwa Moshi: watu waliojifunza kuandika kipindi, kukipima kwa dakika, na kusema mbele ya maikrofoni kana kwamba wanasema na mtu mmoja jikoni mwake.

Mwaka 1993 Tanzania ilipitisha sheria iliyofungua mlango kwa vituo visivyo vya serikali. Baadaye Sauti ya Injili ikapata mitambo yake yenyewe, na sasa inasikika kwa FM kutoka Moshi. Kanda haziendi tena Ethiopia.