Ngome ya Mombasa na mlango wa bahari

Kila mwaka katika darasa la historia hakukosi mwanafunzi wa kuuliza: «Mwalimu, hiki Kiswahili chetu kilitoka wapi?» Na sisi tunajibu sawa vile tulivyofundishwa: kilitoka pwani, kikaletwa na misafara. Jibu si baya. Lakini pwani ni ndefu, na wengi kati yetu tunaoifundisha hatujaonja hata chumvi ya maji yake. Ndiyo maana, wakati wa likizo kubwa, tulijikusanya walimu wanne wa Butembo, tukachanga feza, tukapita Kasindi, Kampala na Malaba mpaka Nairobi, na kutoka pale tukapanda treni ya kushuka Mombasa.

Mombasa ni kisiwa. Upande mmoja iko bandari ya zamani na Mji wa Kale, upande mwingine Kilindini, bandari kubwa ya leo. Wenyeji wanakiita Mvita. Wengine wanasema jina linatoka kwa Shehe Mvita aliyetawala zamani, wengine wanasema ni vita tu. Kwa historia tuliyoikuta pale, hata hii ya pili haishangazi.

Ngome yenyewe inaitwa Fort Jesus. Wareno (ndivyo watu wa pwani wanavyowaita Waportugali) walianza kuijenga mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, yaani mawe yaliyozaliwa baharini, na kuta zake ni nene hata ukisimama mlangoni unasikia baridi wakati nje jua linachoma. Kwa nini waliijenga? Vasco da Gama alipita hapo mwaka 1498, akapokelewa vibaya, akaenda Malindi na huko akapata urafiki. Tangu siku ile Mombasa haikulala. Mwaka 1505 Almeida aliuchoma mji. Mwaka 1589 merikebu za Wareno zilizotoka Goa zilimshinda hapo Mturuki Mir Ali Bey, na wakati ule ule Wazimba, kundi la vita lililotoka bara, wakaingia mjini na kuua watu. Nyuma ya hapo Wareno walimleta mfalme wa Malindi, rafiki yao, wakamuweka Mombasa, na wao wakajenga ngome pembeni yake.

Tulizunguka juu ya kuta tukitazama mizinga iliyoelekea majini. Lakini habari iliyotushika zaidi haikutoka majini. Ni habari ya Yusuf bin Hasan. Baba yake, mfalme Hasan, alikosana na kapiteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko mwaka 1614. Mtoto alipelekwa Goa, ngambo ya bahari, akasomeshwa na mapadri, akabatizwa jina la Jeronimo, akarudishwa kuwa mfalme. Wareno waliona wamepata mtu wao: anasema lugha yao, anasali sala zao, amevaa sawa wao. Sisi wa Kongo tunamfahamu mtu wa namna hiyo bila kuelezwa mingi. Wakati wa Wabelgiji walimwita «evolue», wakampa karata, na kwenye meza ya mzungu hakukaa.

Mwezi wa nane mwaka 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake kama mgeni wa kawaida. Mlango ulifunguliwa. Akamuua kapiteni, na siku zilizofuata wakauawa Wareno mjini, wake zao, na Wakristo wenyeji waliokataa kuacha dini. Hapa mmoja wetu, mwalimu wa dini, alinyamaza muda mrefu. Wengine watamuita Yusuf shujaa, wengine muuaji, na katika darasa letu tungependa mwanafunzi asikie yote mawili. Wareno waliporudi kumpiga mwaka 1632 walishindwa. Halafu yeye mwenyewe akaiacha ngome, akaondoka kwa merikebu. Wareno wakaingia tena na kuandika ushindi wao juu ya mlango, mwaka 1635. Yale maandishi yangali pale. Yule aliyebaki na kalamu ndiye aliyeandika.

Vita kubwa ilikuja mwaka 1696, wakati Imamu wa Omani alipotuma merikebu. Ngome ilizingirwa karibu miaka mitatu. Ndani walikuwa Wareno wachache, na pamoja nao Waswahili wengi waliokuwa upande wao, wanaume, wanawake na watoto. Kitabu chetu cha shule kilisema «Waarabu waliwafukuza Wareno», basi, mustari mmoja. Hakikusema kwamba Waswahili walikuwa pande zote mbili, wala kwamba ugonjwa uliua ndani ya kuta kuliko mizinga. Merikebu Santo António de Tanná iliyoleta msaada kutoka Goa ilizama chini ya ngome mwaka 1697. Vitu vyake vilitolewa majini miaka ya 1970, na leo vimewekwa katika nyumba ya makumbusho ndani ya ngome. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1698 Waomani walipanda ukuta. Waliokuta hai walikuwa watu wa kuhesabu kwa vidole.

Mambo yaliyofuata tutayapita haraka: Wareno kurudi kidogo mwaka 1728, Wamazrui kujitawala, Seyyid Said wa Unguja kuutwaa mji mwaka 1837. Kutoka mwaka 1895 Waingereza walifanya ngome kuwa gereza, mpaka 1958. UNESCO iliiandika kati ya mali za dunia mwaka 2011.

Siku ya pili tulivuka kwenda bara, upande wa Kisauni. Huko wamisionari Waingereza walianza mwaka 1875 kijiji cha watu waliookolewa katika merikebu za watumwa, wakakiita Frere Town. Kengele yao ingali pale barabarani, na mahali panaitwa Kengeleni. Matatu zinapita, makondakta wanalia «Kengeleni! Kengeleni!», na abiria wanashuka na mifuko yao ya soko. Tulisimama chini ya ile kengele kuliko tulivyosimama mbele ya mizinga. Tulikuwa tunatafuta jamaa zetu, tuseme kweli.

Lakini lazima tuwe waaminifu. Njia ya pembe na ya watumwa wa Maniema haikupita hasa Mombasa. Ilitoka Kasongo na Nyangwe, ikavuka Tanganyika mpaka Ujiji, ikapita Tabora, ikashuka Bagamoyo, na kutoka pale Unguja. Ndiyo njia ya Tippu Tip. Lugha yetu ilipanda kwa njia ile ile waliyoshukia watu wetu wakiwa wamefungwa. Tulikuwa tumeenda kubisha hodi kwenye mlango wa jirani.

Hata masikio yalituonyesha. Katika Mji wa Kale mzee mmoja aliyekaa barazani alimwita mwenzetu: «Ndoo, mwalimu, ndoo!» Mwenzetu akageuka kutafuta ndoo ya maji. Kumbe kwa Kimvita «ndoo» ni «njoo», na «ndia» ni «njia». Mzee alicheka mpaka machozi, akatupatia kahawa chungu katika vikombe vidogo. Tulipomweleza kwetu tunasema namna gani, akatuambia kwa upole kwamba tunasema vizuri, ila kama watu wa Unguja waliopotea porini. Ndipo akatukumbusha jambo tuliloona kwa shida kuliamini: mkutano uliochagua Kiunguja kuwa Kiswahili cha vitabu, mwaka 1928, ulifanyika hapo hapo Mombasa. Mji wa Muyaka bin Haji, mshairi wa wakati wa Wamazrui, ulipokea wageni waliokuja kuamua kwamba lugha yake isiandikwe shuleni. Mzee alilisema bila hasira. Alisema tu kwamba ngome ina maandishi juu ya mlango, na Kimvita hakina.

Siku ya mwisho tulipita karibu na Kilindini. Hapa ndipo mlango wa leo. Mafuta, mabati, dawa, mitumba, vingi vya vitu tunavyonunua Butembo na Beni vinaingilia hapa, na bei yake inaanza kupanda hapa. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini malori yangali yanapanga mustari. Katika ule mustari tulisikia mtu anazungumza na simu, na sauti yake ilikuwa ya kwetu kabisa. Tukamsalimia. Dereva wa Beni, siku ya tisa anangojea karatasi. Akatutazama toka miguu mpaka kichwa, akauliza: «Balimu, munatafuta nini huku?» Tukamwambia tulikuja kuona ngome. Akauliza: «Ile ya zamani ao hii?» na akaonyesha kwa kidevu geti ya bandari.