Tunda la Shaba la Mji wa Roma

Ukipita katika misitu iliyopandwa ya Kinale au Timboroa, utaona chini ya misonobari matunda makavu ya rangi ya hudhurungi, magumu kama ubao, yenye magamba yaliyopandana. Nayaita matunda kwa kuwa ndivyo watu wasemavyo. Wataalamu wa mimea hawakubali, maana msonobari hauna maua ya kweli, na mbegu zake hulala wazi juu ya magamba. Mti wenyewe si wa asili katika nchi yetu. Aina iliyoenea sana hapa ilitoka Mexico, ikaletwa kwa ajili ya mbao zake, na maseremala wengi huiita paini.

Okota tunda moja, ulitazame upande wa kikonyo. Magamba yamejipanga kwa mistari inayozunguka, mingine kuelekea kulia na mingine kushoto. Ihesabu: aghalabu utapata 8 upande mmoja na 13 upande wa pili. Kisha litie majini, nalo litajifunga polepole. Lianike juani, litafunguka tena. Tunda hilo limekwisha kufa, lakini bado linajongea! Sababu yake ni kwamba kila gamba lina tabaka mbili. Ile ya nje hunywa maji na kurefuka kuliko ya ndani, basi gamba hupinda na kujifunga. Likikauka, tabaka ile ile hufupika na kulivuta gamba nje. Kwa hila hii mbegu zenye mabawa huzuiliwa siku ya mvua, zikaachiliwa siku kavu zipate kupeperushwa mbali.

Warumi wa kale walikuwa na msonobari wao, wenye kichwa kilichotanda kama mwavuli. Tunda lake huchukua miaka 3 kukomaa, na mbegu zake huliwa hata leo. Yapata karne ya 1 au ya 2 baada ya Kristo, fundi mmoja alilifanyiza tunda hilo kwa shaba, akalipa kimo kinachokaribia mita 4, yaani zaidi ya urefu wa watu wawili. Liliwekwa karibu na hekalu la Isis, mungu wa kike ambaye ibada yake ilitoka Misri, likawa chemchemi ya kutoa maji.

Fundi huyo aliandika jina lake kwenye kitako cha kazi yake: Publius Cincius Salvius. Nakuomba, msomaji, usilipite jina hili upesi. Katikati yake zimo herufi mbili za mkato ambazo Mrumi yeyote aliyejua kusoma alizielewa mara moja: maana yake ni mtu aliyeachwa huru na Publius. Kwa desturi ya Warumi, mtumwa aliyepata uhuru alichukua majina mawili ya bwana wake, na lile aliloitwa utumwani likafuata mwisho. Salvius, basi, ndilo jina aliloitwa alipokuwa mali ya mtu. Wajenzi na wachongaji wengi wa Roma walikufa bila kuacha hata herufi moja. Huyu aliandika kwamba yeye ndiye aliyefanya, na hakuificha hali aliyotokea.

Hekalu lilianguka, tunda likabaki. Katika zama za kati lilihamishiwa ua wa kanisa la kale la Mtakatifu Petro, na huko lilijulikana sana hata mshairi Dante, aliyefariki mwaka 1321, akalitumia kuwaeleza wasomaji wake ukubwa wa uso wa jitu. Kanisa lile lilipobomolewa ili lijengwe jipya, tunda lilihamishwa tena, mwaka 1608, likawekwa katika ua wa Vatikano ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Mtaa lilikotoka nao ungali unaitwa Pigna, yaani tunda la msonobari.

Katika mji huo huo wa Roma, baada ya mwaka 1890, alifika kijana Mjerumani aitwaye Karl Blossfeldt. Alikuwa amejifunza kazi katika kiwanda cha kusubu chuma, na sasa alimsaidia mwalimu wake, Moritz Meurer, kukusanya mimea na kuifanyizia vielelezo vya kufundishia mafundi. Tazama jinsi njia ilivyogeuka: Salvius alilikuza tunda kwa shaba, na Blossfeldt akaikuza mimea kwa kamera. Aliporudi Berlin alifundisha katika chuo cha sanaa za mikono, akipiga picha za machipukizi, vikonyo na maganda ya mbegu, nyingine akizikuza hata mara 30, ili wanafunzi wake wazitazame wanapochora na kufinyanga. Hakuzikusudia ziwe mapambo ya ukutani. Zilikuwa vifaa vya darasani kwa karibu miaka 30, mpaka mwaka 1928 zilipotolewa kitabuni, na mtu aliyekuwa mwalimu tu akawa mashuhuri miaka minne kabla ya kufa kwake.