Viwanja vya Kona ya John

Wakati wa Waingereza, Mafinga iliitwa John's Corner. Ilikuwa kona kweli: barabara ya kutoka Iringa kwenda Mbeya inapita hapo, na nyingine inachepuka kuelekea milima ya Mufindi kwenye mashamba ya chai. Watu walishuka, wakabadilisha gari, wakaendelea na safari. Leo watu wanashuka na kubaki. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 122,329 katika Halmashauri ya Mji wa Mafinga, na kwenye mitaa ya pembeni kama Kinyanambo na Changarawe swali la mgeni siku hizi ni moja: kiwanja kipo, na kimepimwa?

Anayeuliza hivyo anatafuta utulivu. Anataka nyumba iliyo mbali kidogo na malori ya barabara kuu, ua wa kutosha kupanda parachichi mbili, barabara ya mtaa ambayo gari la maji linaweza kupita. Utulivu wa namna hiyo haukuota wenyewe katika nyanda hizi. Kila kizazi kilikuwa na utaratibu wake wa kuamua nani aupate, na utaratibu huo uliandikwa kwenye sheria za ardhi.

Hapo mwanzo utulivu huo haukuwa Kona ya John kabisa. Ulikuwa milimani Mufindi na kwenye mashamba ya Sao Hill, walikokaa walowezi. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walirudi na kufungua mashamba ya chai Mufindi katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 Lord Chesham akahamasisha familia za Kiingereza zije kulima Nyanda za Juu Kusini. Nyumba zao zilijengwa zikitazama mabonde, zikiwa na meko ya mawe sebuleni kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai. Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza 1939 Wajerumani wakanyang'anywa mashamba, na muda si mrefu chai ya Mufindi ikawa mikononi mwa kampuni ya Brooke Bond. Wenye nyumba walibadilika, lakini mpangilio ulibaki vilevile: bwana shamba juu kilimani peke yake, vibarua chini kwenye kambi, chumba kwa chumba.

Sheria ya Ardhi ya 1923 iliweka karibu ardhi yote chini ya gavana. Mlowezi aliandikiwa hati ya miaka isiyozidi 99. Mhehe aliyekuwa akilima bonde la babu yake hakuandikiwa kitu. Haki yake ya kimila ilikuja kutajwa kwenye sheria mwaka 1928, na hata hapo aliishika mdomoni tu, bila karatasi. Mijini nako ilikuwa hivyohivyo. Gangilonga pale Iringa na Uzunguni pale Mbeya zilipimwa kwa viwanja vipana vyenye miti na njia pana, huku Waafrika wakibanwa kwenye viwanja vidogo karibu na soko. Tunaposema leo "ujazo mdogo" na "ujazo mkubwa" kwenye michoro ya mipango miji, tunaendelea kutumia ngazi iliyojengwa wakati ule. Tofauti ni kwamba rangi ya ngozi imeondolewa, na pesa imekaa mahali pake.

Uhuru ulipokuja, serikali ilianza na mizizi. Mwaka 1963 ilifuta umiliki wa ardhi wa moja kwa moja, ule wa kudumu bila kikomo, ikaugeuza kuwa wa kupangisha kutoka serikalini. Mwaka huohuo Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa, na Mafinga ikaja kupata kambi yake, inayojulikana na maelfu ya vijana waliokimbizwa mchakamchaka kwenye ukungu wa alfajiri. Barabara ya lami ya TANZAM, iendayo Zambia, ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Shamba la miti la Sao Hill, lililoanza kwa majaribio mwaka 1939, likapanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia; eneo lake lote linapita hekta 135,000, kubwa kuliko shamba lolote la miti la serikali nchini. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikaanza kazi mwaka 1985.

Kazi zote hizo zilileta watumishi, na watumishi wakapewa nyumba. Katika miaka hiyo nyumba tulivu ilikuwa sehemu ya cheo. Bwana misitu, daktari, mkuu wa idara: kila mmoja alikuwa na nyumba yake yenye ua, na alipostaafu alirudisha ufunguo akaenda kuanza upya kijijini. Mpango wa viwanja vya bei nafuu wa miaka ya 1970, ulioifikia Mbeya kupitia Mwanjelwa na baadaye Iringa, haukufika Mafinga. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa 1972, iliwafaa wachache wenye mshahara wa uhakika, na mwaka 1995 ikafa. Serikali ilipoanza kuwauzia watumishi nyumba zake mwaka 2002, wengi walilalamika, na mimi naona walikuwa na haki: nyumba iliyokuwa ya kila atakayekuja baadaye ikawa ya aliyeikuta.

Mwananchi wa kawaida alijenga kwenye shamba. Hapa kuna jambo ambalo vijana hawalijui. Kwa muda mrefu ardhi tupu haikuwa na bei kisheria. Kilichoruhusiwa kuuzwa ni maendelezo, yaani kile ulichokifanya juu yake. Ndiyo sababu watu waliuziana miti, msingi au kibanda, na ardhi ikafuata kimyakimya. Sheria za Ardhi za 1999, Namba 4 kwa ardhi ya jumla na Namba 5 kwa ardhi ya vijiji, zilizoanza kutumika Mei 2001, ndizo zilizotamka wazi kwamba ardhi ina thamani.

Mafinga ilikuwa na cha kuuza. Wakulima walikuwa wamepanda misindano na milingoti kwenye mabonde yao, na bei ya mbao ilipopanda, mashine ndogo za kupasua mbao, ziitwazo dingdong, zikaingia hadi vijijini. Fedha ya shamba moja la miti ikawa nyumba. Pita mitaa ya pembeni uangalie: kuta za tofali za kuchoma, kenchi za msindano, na uzio wa mabanzi, yale magamba ya pembeni ya gogo yanayobaki baada ya kupasua mbao, yakipangwa wima bado yana ganda lake. Yakiwa mapya yanatoka utomvu unaonata mkononi. Baada ya masika mawili yanakuwa ya kijivu, na mwenye nyumba akipata fedha anayang'oa na kujenga ukuta. Pembeni ya nyumba iliyokwisha linasimama pagale lililofikia linta, likisubiri miti mingine ikomae. Mafinga watu wanajenga kwa kasi ya msindano.

Mwaka 2015 mji ulipata halmashauri yake, ukitenganishwa na ile ya Wilaya ya Mufindi. Hapo ndipo mipango miji ilipaswa kuwa mbele ya tofali. Mara nyingi ilikuwa nyuma. Mkulima amekata shamba vipande vitano, dalali ameshapokea chake, wanunuzi wamechimba msingi, kisha mpimaji anakuja na urasimishaji na kukuta njia ya mtaa haitoshi hata gari la zimamoto. Anayepoteza kipande cha ua ili barabara ipite ni yuleyule aliyelipa kwa nia njema. Au anaamka asubuhi anasikia mashine ya kupasua magogo nyuma ya uzio, mahali alipoambiwa ni makazi matupu.

Kwa hiyo nasisitiza bikoni. Ni nguzo fupi ya zege iliyozamishwa ardhini, nondo katikati, namba imechorwa juu. Mnunuzi aikague kwa macho yake pembe zote, aende ofisi ya ardhi kuoanisha namba na mchoro, na auone mchoro wa eneo lote, maana kiwanja cha jirani kikiandikwa kiwanda, hati yake nzuri haitamsaidia kulala. Mauziano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi. Na mke au mume wa muuzaji aridhie kwa maandishi: Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza, na kesi za aina hiyo zimewamaliza watu.

Mzigo mkubwa, hata hivyo, si wa mnunuzi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imeipa halmashauri mamlaka ya kupanga, na kupanga kunaanza kabla mkulima hajakata shamba lake. Wapimaji wafike wakati bado kuna mahindi, wakubaliane na mwenye shamba njia ipite wapi na yeye abaki na viwanja vingapi, kisha mchoro uliopitishwa ubandikwe ukutani katika kila ofisi ya mtaa, mahali ambapo mjane anayeuza na kijana anayenunua wanaweza kuusoma bila kumlipa mtu.