Kombe la Ufaransa na Mipaka ya Taifa

Kombe la Ufaransa la mpira wa miguu lilianzishwa mwaka wa 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, kwa kumkumbuka Charles Simon, aliyeuawa vitani mwaka wa 1915. Vilabu 48 viliingia, na sharti lilikuwa moja: ashindwaye hutoka. Mwaka wa 1918 Olympique ya Pantin iliifunga FC Lyon mabao 3 kwa 0, ikawa ya kwanza kulitwaa.

Baadaye mlango ulipanuliwa. Katika miaka ya 1950 vilabu vya Afrika ya Kaskazini navyo vilikaribishwa. Mwezi wa Februari 1957 timu ya El Biar, kitongoji cha Algiers, iliishinda Reims mabao 2 kwa 0; na Reims hiyo ndiyo iliyocheza fainali ya Kombe la Ulaya mwaka uliotangulia. Lakini siku zile zile Algiers ilikuwa ikiwaka moto wa vita vya uhuru. Kombe lilisema Algeria ni Ufaransa, risasi zilikana. Mwaka wa 1962 Algeria ilijitawala, na vilabu vyake vikatoka pasipo kushindwa uwanjani.

Visiwa vya mbali vilibaki. Mwaka wa 2020 Saint-Pierroise ya Réunion iliitoa Niort, ikafika miongoni mwa timu 32 za mwisho. Mayotte nako, ambako husemwa Kishimaore, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili, vilabu hushiriki.

Basi orodha ya vilabu ni tafsiri ya neno “taifa”. Wenye kombe huiandika. Walioalikwa ndio huamua kama itasadikiwa.