Odhiambo Hakuenda Ulaya na Bakuli

Ukitaja Kasarani kila mtu anawaza uwanja wa mpira. Lakini huko huko Kasarani kuna mahali panaitwa Duduville, na wasee wengi hupita hapo bila kujua ndani kunafanyika nini.

Hayo ndiyo makao ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu. Alikianzisha Thomas Odhiambo mwaka wa 1970. Huyu mzee alizaliwa Mombasa, akasoma Makerere, kisha akapata udaktari Cambridge. Mwaka wa 1967, Kenya ikiwa na karibu miaka minne tu ya uhuru, aliandika katika jarida la Science kwamba Afrika Mashariki inahitaji vituo vyake vya sayansi, vichache lakini vya kiwango cha juu kabisa.

Pesa? Hakuwa nazo. Walianzia majengo ya kawaida sana pale Chiromo. Alichokuwa nacho ni kazi yenyewe: mbung'o, kupe, mchwa, viwavijeshi. Akavuta akademia za sayansi za nje zimdhamini, na wanasayansi wakubwa wakawa wanakuja na kwenda kuongoza utafiti, huku vijana wa Kiafrika wakiifanya kazi hapa hapa Nairobi. Yaani wageni walikuja kwa swali letu.

Miaka ya 1990, icipe na kituo cha Rothamsted cha Uingereza wakatoa sukuma-vuta. Unapanda desmodiamu katikati ya mahindi, inafukuza wadudu wanaotoboa mashina na kuzuia kayongo. Nyasi za nepia pembeni zinawavuta hao wadudu watoke shambani. Mwaka wa 2020 mradi wa kueneza mbinu hiyo, UPSCALE, ukaanza kwa pesa za Umoja wa Ulaya.

Sasa, mbona mashirika madogo ya Kisumu au Kilifi hayapati hizo pesa? Si ati hayana akili. Mchezo una sheria, na hakuna aliyekaa chini kuyafundisha.

Mpango wa sasa, Horizon Europe, wa 2021 hadi 2027, una zaidi ya euro bilioni 90. Miradi mingi ya pamoja inataka angalau mashirika matatu kutoka nchi tatu tofauti, wanachama wa Umoja wa Ulaya au zilizojiunga na mpango, na moja lazima liwe la nchi mwanachama. Kenya haihesabiwi kwa hao watatu, lakini shirika letu likiingia linaweza kulipwa. Ombi linapimwa kwa ubora wa wazo, matokeo na utekelezaji, kila kimoja alama 5. Kwa kawaida ukikosa 3 kwa kimoja, au 10 kwa jumla, umetoka.

Ukichelewa kuingia, unakuta swali lishaandikwa. Unapewa kazi ya kukusanya sampuli, unashukuriwa, basi. Hapo ndipo tunapoteza, na hiyo inaniuma kuliko kunyimwa pesa.

Lakini mambo yanaweza kubadilika, tumeona. EDCTP, ushirikiano wa majaribio ya dawa na chanjo ulioanza 2003, ulianza kama mradi wa Ulaya kwa ajili ya Afrika. Awamu ya pili ilipoanza 2014, nchi za Afrika ziliingia kama wanachama kamili. Halafu 2018, shirika la viwango la Afrika likapitisha ARS 1651, kiwango cha kusimamia pesa za ruzuku: hesabu, wafanyakazi, ununuzi na uongozi. Shirika likipimwa kwa hicho, mfadhili hana sababu ya kulishuku kwa vile tu limetoka huku.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kaunti na vyuo viache kutuma watu semina za siku mbili halafu picha mtandaoni. Waajiri mtu ambaye kazi yake ni moja: kusoma matangazo ya ruzuku, kutafuta washirika mapema, kuandika bajeti, kuweka vitabu vya hesabu safi. Awe anahudumia mashirika kumi madogo yasiyoweza kumlipa.

Odhiambo aliifanya hiyo kazi kabla ya intaneti, kwa barua. Sisi tuna simu mkononi na bado tunangoja tuitwe.